Chakula cha Mwaka Mzima: Umeshinda Nini Hasa?

Andiko la wiki: Kutoka 16:13–30, 2 Wakorintho 8:13–15



Msimu wa promosheni umefika tena. Ukifungua redio ni droo, ukiingia supamaketi ni kuponi, ukinunua unga unakuta nambari ya kutuma kwa simu. Na nimeona zawadi inayowavuta watu wetu, wakati mwingine kuliko hata gari, ni hii moja: chakula cha bure mwaka mzima. Ninaelewa. Gari linataka petroli na bima. Televisheni hailiwi. Lakini mama ambaye kila jioni anahesabu sarafu akijiuliza leo ni sukuma na nini, ukimwambia hatajiuliza swali hilo tena kwa siku 365, umemwambia jambo kubwa sana.

Majuzi baada ya ibada ya Jumatano dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani aliniuliza maswali mawili. Hakuwa ameshinda chochote, alikuwa tu ametuma nambari zake. La kwanza: "Pasta, nikishinda, nitoe ushuhuda kwamba ni Mungu?" La pili: "Na fungu la kumi la unga linatolewaje?" Watu wakacheka. Lakini yote mawili ni maswali mazuri, na chini yake kuna la tatu ambalo hakuliuliza: mtu akishinda chakula cha mwaka, kwa kweli ameshinda nini?

Kabla sijaendelea, niseme kwamba sizungumzii kubeti. Hiyo ni mada ya siku nyingine, na siku hiyo nitakuwa mkali. Nazungumzia mtu aliyenunua pakiti ya unga ambayo angeinunua tu, akakuta nambari, akaituma. (Ukianza kununua pakiti tatu za ziada ili upate nambari tatu, ndugu yangu, hapo tayari tumebadilisha mada.)

Nitaanza na hesabu, maandiko yatafuata. Mnisamehe, nilisomea biashara kabla ya kusomea Neno, na penseli haijatoka sikioni.

Niwapeleke Marekani kidogo, kwa sababu huko kuna mfano ambao hesabu yake iko wazi. Kuna kampuni ya mikahawa ya kuku inaitwa Chick-fil-A. Mwanzilishi wake, Truett Cathy, alikuwa Mbaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi, na tangu alipofungua mkahawa wake wa kwanza karibu na Atlanta mwaka 1946 hakuufungua Jumapili. Hadi leo mikahawa hiyo hufungwa siku hiyo. Wafanyabiashara wa kanisa letu, mnasikia? Kwa miaka mingi kampuni hii ilikuwa na desturi: ikifungua tawi jipya, wateja 100 wa kwanza walipewa chakula cha bure cha mwaka mzima. Watu walikuja na mahema na mablanketi, wakakaa kwenye maegesho ya magari saa 24 wakingoja milango ifunguliwe.

Na chakula cha mwaka mzima kilikuwa nini? Milo 52. Mlo mmoja kwa wiki. Kampuni haikuficha, ilisema wazi. Lakini piga hesabu. Mtu anayekula mara tatu kwa siku anakula mara 1,095 kwa mwaka. Toa 52, zinabaki 1,043 za kujitafutia mwenyewe. Zawadi hiyo haifiki asilimia tano ya mwaka wa mtu mmoja. Mke aliyemletea mumewe chai usiku kwenye hema hayumo kabisa katika hesabu.

Kampuni nayo ilipata umati siku ya kufungua, ikapata wateja 100 wa kuzoea kuja wiki baada ya wiki. Tena mtu haendi kula peke yake. Anakwenda na watoto, na watoto hawana kuponi. Sisemi ni dhambi. Ni biashara safi, na kama ningekuwa meneja ningeifanya. Nataka tu tuone kwamba neno "mwaka" katika tangazo haliji kutoka kwa kalenda. Limekatwa na mtu ofisini.

Turudi nyumbani tuone linavyokatwa. Tuseme kampuni fulani ya unga inatangaza unga wa mwaka mzima, na mshindi atapata beli moja kila mwezi, yaani pakiti 12 za kilo mbili. Nyumba ya watu watano wanaokula ugali mchana na jioni inaweza kumaliza pakiti moja kwa siku. Basi beli linaisha tarehe 12, na tarehe 13 uko dukani kama kawaida. Ili uwe mwaka kweli kwa nyumba hiyo, zinahitajika pakiti 365. Hizo ni kilo 730, zaidi ya magunia manane ya kilo 90. Beli 12 ni pakiti 144 tu.

Je, kampuni imedanganya? Hapana. Beli moja kwa mwezi linawatosha watu wawili. Kuna mtu alikaa na kikokotoo akaamua kwamba mshindi ana midomo miwili nyumbani kwake. Hapo ndipo nataka tukae leo. Chakula cha mwaka siku zote ni kugawanya: chakula huku, idadi ya midomo kule. Kampuni imechagua idadi yake kwa ajili ya bajeti. Wewe ukishinda, swali la kwanza mbele za Mungu ni idadi utakayoandika wewe.

Lakini kwanza neno lile lingine, "bure".

Katika Hesabu 11 wana wa Israeli wanalia jangwani. Wamechoka na mana. Wanakumbuka matango ya Misri, matikiti, vitunguu, na wanakumbuka samaki waliokula huko, na hapo wanatumia neno hilohilo: bure. Eti bure! Watu waliokuwa wakifyatua matofali chini ya mijeledi, ambao watoto wao wa kiume walikuwa wakitupwa mtoni. Samaki huyo hakuwa na bei sokoni, lakini wao wenyewe ndio walikuwa bei. Na Mwanzo 47 inataja kabisa chakula cha mwaka mmoja. Wakati wa njaa Wamisri walimpa Yusufu mifugo yao yote ili wale mwaka ule. Mwaka uliofuata hawakuwa na kitu cha kutoa ila mashamba na miili yao.

Sifananishi promosheni ya unga na utumwa, msinielewe vibaya. Ninauliza tu, nani analipa? Nilipokuwa chuo tulifundishwa kwamba gharama ya matangazo lazima itoke mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni bei ya pakiti. Kwa hiyo unga wa mshindi umelipiwa senti kwa senti na wote walionunua na hawakushinda: mlinzi wa lango, mama mboga, mwanafunzi anayejipikia. Ni harambee ambayo waliochanga hawakujua wanachanga. Wewe uliyeshinda umelishwa na jirani zako. Hilo peke yake lingetosha kubadilisha namna unavyolibeba beli hilo kupita mlangoni kwao.

Sasa ushuhuda. Najua utakavyokuwa, maana nimeusikia mara nyingi: mtu anasimama, kanisa linapiga vigelegele, anasema walituma watu maelfu lakini Mungu akaangusha kura kwake, Mungu si Athumani! Na pale kwenye kiti cha nyuma ameketi dada mwingine aliyetuma nambari zilezile, akafunga siku tatu, na jana watoto wake walilala na uji mwepesi. Yeye anasikia nini? Anasikia kwamba Mungu aliangalia majina mawili akalipita lake.

Mtu atanifungulia Mithali 16:33, kwamba kura hupigwa lakini hukumu yake yatoka kwa Bwana. Ni Neno, nami nalipokea. Hakuna kitu kinachomponyoka Mungu, hata kura. Lakini nenda Yohana 19:23–24. Chini ya msalaba askari wanapiga kura juu ya kanzu ya Yesu, ile isiyokuwa na mshono. Mmoja wao alishinda. Alikwenda nyumbani na kanzu nzuri bila kulipa kitu. Andiko lilitimia, ndiyo, Mungu alikuwa kazini. Je, askari yule angeweza kusimama na kushuhudia kwamba amepata kibali kuliko wenzake watatu? Kura inaweza kuwa mkononi mwa Mungu bila kuwa cheti cha imani ya aliyeshinda.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili. Shukuru kwa unga. Shukuru vilevile ulivyoshukuru kwa unga ulionunua kwa jasho wiki iliyopita, maana ule nao ulikuwa wa Mungu, ingawa hatukukupa maikrofoni. Lakini usituambie kwamba Mungu amemshinda jirani yako kwa niaba yako.

Tufike kwenye mana sasa, maana ndiyo promosheni kubwa kuliko zote: chakula cha bure miaka 40, kwa taifa zima, hakuna aliyetuma nambari. Angalieni kilivyopimwa. Kutoka 16:16 inasema kila mtu aokote kwa kadiri ya ulaji wake, kipimo kimoja kwa kila kichwa, kulingana na hesabu ya watu walio hemani mwake. Biblia yetu inakiita pishi. Wengi hukikadiria kuwa kama lita mbili, si mbali sana na gorogoro la sokoni. Wengine waliokota nyingi, wengine kidogo, na walipopima, mwenye nyingi hakubakiwa na mwenye kidogo hakupungukiwa. Na waliojaribu kuweka hadi asubuhi walikuta mabuu na harufu.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya mabuu yale na machache sana juu ya hema. Mungu hakutoa mana kwa mtu mmoja mmoja wala kwa "familia ya wastani". Alisema hesabu ni ya watu walio hemani mwako. Mtu alilazimika kusimama mlangoni na kuhesabu vichwa kabla ya kushika kipimo. Mama mkwe ni kichwa. Yatima aliyelala pembeni ni kichwa. Mgeni aliyetoka nao Misri akalala hemani mwako naye ni kichwa.

Hebu hesabu hema lako. Si watu walioandikwa kwenye kadi ya hospitali, hapana. Watu wanaokula kwako. Kuna mtoto wa dada yako aliye kidato cha pili anayekuja wakati wa likizo. Kuna mama yako kule mashambani ambaye unga wake unaulipia wewe kwa simu kila mwisho wa mwezi. Kuna wale watoto wa nyumba ya pili ambao kwa bahati ya ajabu hucheza mlangoni mwako kila siku saa saba mchana, na wewe unajua kwa nini, na wao wanajua kwamba unajua. Kampuni ilipoandika watu wawili haikuwaona hawa. Wewe unawaona. Ukiwaingiza, "mwaka" wako utafupika mpaka uwe miezi miwili, pengine wiki sita. Ukiwaacha nje, utafika mbali zaidi. Hakuna mtu wa kampuni atakayekuja kukagua.

Mtume Paulo alilisoma andiko hili la mana namna hiyohiyo. Alipokuwa akichangisha kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu, aliwaandikia Wakorintho, watu wa mji wa biashara, kwamba wingi wao wakati huu uwafae wenzao katika upungufu wao, ili siku nyingine iwe kinyume chake. Kisha akaleta mana kama ushahidi. Mnaona alivyofanya? Jangwani Mungu mwenyewe alisawazisha vipimo kwa muujiza. Korintho hakukuwa na muujiza huo. Paulo aliwaachia wafanye kwa mikono yao. Alichukua hema likawa kubwa, kutoka Korintho mpaka Yerusalemu, watu ambao hawangeonana kamwe.

Mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) naye alikuwa na hesabu yake. Alihesabu watu wawili, yeye na mwanawe, na unga wa mlo mmoja, kisha kifo. Eliya akaja akawa wa tatu, tena akataka kuhudumiwa wa kwanza. Kwa hesabu za darasani hapo chakula kilipungua. Lakini tunasoma kwamba alikula yeye, na Eliya, na nyumba yake, siku nyingi. Hakuna mahali tunaambiwa chombo cha unga kilijaa mpaka juu. Tunaambiwa hakikuisha, mpaka mvua ikaja. Yule mama aliendelea kuona unga kidogo chini ya chombo kila asubuhi, na kila asubuhi alilazimika kumpimia mgeni tena.

Limebaki la fungu la kumi. Wengine hawatapenda jibu langu, na mchungaji wetu mkuu akilisoma hapa naomba anivumilie.

Tuseme pakiti ni shilingi 150. Pakiti 144 ni shilingi 21,600 kwa mwaka, au 1,800 kwa mwezi. Hizo ni pesa ambazo ungezipeleka dukani na sasa hukuzipeleka. Kwa kweli hiyo ndiyo zawadi. Unga ungeula tu, ulishinda au hukushinda. Ulichoshinda ni shilingi 1,800 kila mwezi ambazo hazina jina. Na pesa isiyo na jina, wapendwa, mimi nazijua njia zake: bando, soda, nauli ya boda pale ulipokuwa ukitembea. Desemba ikifika unauliza zilikwenda wapi. Kwa hiyo zipe jina siku ile ya kwanza. Deni la dukani. Karo iliyobaki. Chama. Na kama wewe hutoa zaka kwa mapato yako, sioni kwa nini hizi zisiwe mapato.

Lakini unga wenyewe usiulete madhabahuni. Soma Kumbukumbu la Torati 14:28–29. Kila mwaka wa tatu zaka ya mazao ilikuwa chakula chenyewe, nayo iliwekwa palepale mjini, malangoni, ili wale Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane, washibe. Mlawi yumo, sikatai, nasi Walawi wa siku hizi tunakula vizuri tu. Lakini wengine watatu hawana mimbari ya kukukumbusha. Ukitoa pakiti moja katika kila 12, au mbili, mpelekee anayeishi karibu nawe, usiku kidogo asione haya, wala usipige picha.

Na kama kampuni italeta mzigo wote siku moja kwa lori, kama zinavyofanya nyingine ili zipate picha ya gazeti, usijidanganye kwamba utauweka wote chini ya kitanda hadi Desemba. Unga wa mahindi hautunziki hivyo. Joto la mabati likiingia na unyevu wa Aprili ukifuata, wadudu watafika, na wao hawahesabu vichwa. Angalia tarehe iliyochapishwa kwenye pakiti, tenga zile ambazo nyumba yako itazimaliza kabla ya tarehe hiyo, na zilizobaki anza kuzitoa wiki hiyohiyo, zile zenye tarehe ya karibu zikitangulia.